Kwa Dani Hakukuwa na Mtihani

Huko Nyandiwa, upande wa Gwassi, wenyeji watakuonyesha walipokanyaga ng'ombe wa Nyamgondho walipokuwa wakielekea majini. Mwamba una vishimo, na kwa mtu wa huko vishimo vile ni kwato, hakuna mjadala. Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi fukara. Usiku mmoja mtego wake ukawa mzito, akauvuta kwa nguvu zake zote, na badala ya samaki akamtoa bibi kizee mwenye jicho moja. Akataka kumrudisha ziwani, kikongwe akamsihi asimtupe. Akaenda naye nyumbani, akamfanya mke. Tangu siku hiyo boma likafurika ng'ombe, mbuzi na kondoo, na fukara wa jana akawa mtu wa kunywa pombe na wakubwa. Usiku mwingine akarudi amelewa, akakuta lango limefungwa. Akabisha, akafoka, hasira zikampeleka pabaya: akamtangazia yule mama, boma zima likisikia, mahali alipomwokota. Mama hakujibu. Akatoka, akashika njia ya ziwani, na kila kilichokuja kwa baraka zake kikamfuata, ng'ombe nyuma ya ng'ombe, hadi wa mwisho akazama. Nyamgondho alibaki ukingoni ameegemea fimbo, na hapo hapo akageuka mti.

Nimeisikia hadithi hiyo kwa vinywa vingi. Nimeisoma pia katika vijitabu vya shule, ikiwa imeshonewa mkia wa "hadithi hii inatufunza kwamba". Mkia ule ukitokea tu, hadithi hunywea. Tunaambiwa tusiwe walevi, tusiwadharau wake zetu, tusisahau tulikotoka. Yote ni kweli na hakuna hata moja linalomnyima mtoto usingizi. Kinachomnyima usingizi ni kwamba yule mama hakujibu.

Wajaluo walikuwa na nyumba maalumu ya kazi hii ya kusimulia. Siwindhe ilikuwa nyumba ya bibi kizee, dani kama wanavyomwita wajukuu, walimolala wasichana, na baada ya chakula cha jioni watoto walikusanyika humo kusikiliza sigana, yaani hadithi, na kutegeana vitendawili. Hakuna aliyeulizwa maswali asubuhi. Mtoto aliyechoka alisinzia, na kama kulikuwa na mtihani wowote katika nyumba ile, ulikuwa wa msimulizi: wakisinzia wengi, ameanguka. Mtu anayesimulia gizani, kwa watoto waliokwisha shiba ugali, hujifunza haraka mahali pa kunyamaza, jina la kulirudia, na habari ya kuificha hadi dakika ya mwisho. Naamini fasihi andishi ya pwani hii ya ziwa ilizaliwa mle, hata ile iliyoandikwa kwa Kiingereza. Naamini pia kwamba raha ya kusoma imetutoroka wengi wetu kwa sababu tulikutana na vitabu mahali ambapo anayetahiniwa ni msikilizaji.

Mtazame Grace Ogot. Alizaliwa Asembo mwaka 1930, akiitwa Grace Emily Akinyi. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Asembo kupata elimu ya kizungu, mwalimu katika shule ya wasichana ya Ng'iya, na kwake binti alizipata hadithi za Agano la Kale. Za kijaluo alizipata kwa nyanya yake. Akasomea uuguzi Uganda na ukunga London, akatangaza katika BBC, akarudi na kufanya kazi ya maendeleo ya jamii hapa Kisumu. Juni 1962 alikuwa Makerere kwenye mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika, ule uliowakutanisha kina Chinua Achebe, Wole Soyinka na kijana aliyekuwa bado anaitwa James Ngugi. (Ulikuwa mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert hakualikwa, naye akafariki mwezi huo huo. Wapenzi wa Kiswahili hawajaumaliza uchungu huo, nami sioni kwa nini waumalize.) Ogot alikwenda na hadithi moja, na mwaka uliofuata ikachapishwa katika jarida la Black Orpheus. Baadaye aliiandika upya, na ndiyo tunayoijua leo kwa jina The Rain Came.

Nchi imekauka. Mganga wa mvua amemwambia Chifu Labong'o kwamba lazima msichana atolewe kwa mnyama wa ziwani, na aliyechaguliwa ni Oganda, binti pekee wa chifu kati ya watoto wa kiume chungu nzima. Chifu anawakusanya watu wake na kuwapa habari hiyo. Mwandishi mwanagenzi angemwita Oganda papo hapo aje aangue kilio. Ogot hafanyi hivyo. Anamwacha binti pembeni akiona wazee wamekusanyika, naye anadhani wanamjadilia mume. Anaanza kuwapima wachumba kichwani, huyu hapana, yule labda, huku moyo wake ukiwa kwa Osinda. Sisi tunajua. Yeye hajui. Kila wazo lake la furaha linatukata. Hakuna neno hata moja la huzuni katika sehemu ile, na ndipo huzuni yote ya hadithi ilipo.

Huo ndio ufundi wa dani. Ni kumwambia msikilizaji siri na kumnyima mhusika, kisha kukawia. Sijui kama uuguzi nao ulichangia, lakini nikisoma kurasa zile humwona muuguzi ambaye amewahi kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa anayepanga mambo ya mwezi ujao.

Hadithi za namna hiyo hazikupokelewa kwa vigelegele. Ogot mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipopeleka hadithi zake kwenye East African Literature Bureau, meneja hakuelewa vipi mama Mkristo anaandika mambo ya kafara na waganga badala ya kuandika habari za wokovu. Yaani mkia ule ule: iko wapi "hadithi hii inatufunza"? Bahati njema, mwaka 1965 ilianzishwa East African Publishing House mjini Nairobi, na mwaka uliofuata ikatoa riwaya yake The Promised Land, mwaka ule ule ilipotoa Song of Lawino ya Okot p'Bitek. Okot naye hakukawia kufika Kisumu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa hapa katika kituo cha masomo ya nje cha chuo kikuu, akaandaa tamasha la sanaa mjini.

The Promised Land ni habari ya Ochola na mkewe Nyapol, vijana wanaotoka Seme na kuvuka ziwa kutafuta ardhi Tanganyika. Nitasema kweli, mazungumzo yake hukakamaa mahali fulani, na kuna sura zinazojikokota. Lakini Ochola anapoota miiba mwilini, baada ya jirani mganga kumwonea kijicho, Ogot anafanya jambo la ushupavu mkubwa. Muuguzi huyu aliyefunzwa London hatuambii kama ni ugonjwa wa ngozi au ni uchawi. Anamleta daktari wa hospitali, anamleta na mganga, kisha anajitoa katikati. Ukifunga kitabu, ubishi unabaki wako. Wapo wasomaji wanaokichukia kwa sababu hiyo. Mimi ndiyo sababu ninakirudia.

Miaka ya 1980 alipogeukia Dholuo, alitoa vitabu kadhaa mfululizo, kikiwemo Miaha cha mwaka 1983, ambacho Okoth Okombo alikitafsiri kwa Kiingereza kwa jina The Strange Bride. Mumewe, mwanahistoria Bethwell Ogot, aliendesha Anyange Press hapa Kisumu. Hadithi ya Simbi Nyaima, kijiji cha karibu na Kendu Bay kilichozama usiku mmoja baada ya kumfukuza kikongwe aliyeomba chakula, Grace Ogot aliiandikia kitabu, na karibu wakati huo huo Asenath Bole Odaga naye akatoa chake chenye jina hilo hilo. Waandishi wawili, kisa kimoja, mji mmoja. Mahali pengine wangeitana wezi. Katika sigana hilo si kosa, maana kila dani ana Simbi yake, na watoto huvuka ua kwenda kusikia ya jirani ili walinganishe.

Odaga anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa. Alikuwa mwalimu, akaongoza shule ya wasichana Nyakach, akasomea fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi na kufanya kazi katika taasisi yake ya masomo ya Afrika. Mapema miaka ya 1980 aliacha Nairobi na kuja Kisumu kufanya jambo ambalo mhasibu yeyote angemshauri asilifanye. Alianzisha kampuni ya uchapishaji, Lake Publishers, na duka la vitabu, akaliita Thu Tinda, maneno ambayo msimulizi wa kijaluo hufungia nayo hadithi. Akaandika hadithi za watoto, riwaya, tamthilia, kitabu cha kufundishia fasihi simulizi, na kamusi ya Dholuo na Kiingereza. Alifariki mwaka 2014, Ogot akamfuata Machi 2015. Katika muda wa miezi michache ziwa likapoteza wanawake wake wawili waliojua kwamba kuandika hakutoshi. Lazima mtu achape, abebe maboksi, apange rafuni na kusubiri mteja.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na Margaret Ogola, naye wa Asembo. Hakusomea fasihi. Alikuwa daktari wa watoto. Riwaya yake ya kwanza, The River and the Source, ilitoka mwaka 1994, ikatwaa Tuzo ya Jomo Kenyatta, na mwaka 1995 ikapata Tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika. Inamfuata Akoko, binti wa chifu wa Yimbo, na uzao wake kwa vizazi vinne. Kisha ikapata heshima ambayo nusu yake ni adhabu: ikawa kitabu teule cha shule za sekondari. Wakenya wengi wa umri fulani wanamjua Akoko. Ni wachache wanaomkumbuka bila kukumbuka pia "eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne".

Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba aliyetandaza bidhaa zake kando ya barabara mjini, katikati ya kamusi iliyong'oka jalada na lundo la vitabu vya dini. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa mwanafunzi, na jina lake amelikwaruza. Kurasa za mwanzo amezijaza wino mwekundu: hapa maudhui, hapa sifa za mhusika, hapa methali, hapa itatoka. Mistari imepigiwa mistari hadi huoni maneno. Anaendelea hivyo kwa bidii ya mchwa. Mume wa Akoko anafariki, wino upo. Owang' Sino, mwana aliyebaki, anakufa kwa kukwamwa na mfupa wa samaki, wino unaanza kupungua. Shemeji anakalia kiti cha uchifu, na Akoko anafunga safari kwenda Kisumu kumshtakia DC. Hapo wino unakatika. Kurasa kadhaa ziko safi kabisa, isipokuwa moja yenye alama ya dole gumba lililoshika mafuta. Baadaye wekundu unarudi, na mtihani unaendelea.

Mnaweza kusema kalamu iliisha. Mimi nasema yule mtoto alisahau kwamba anasoma kitabu cha shule, akala huku anasoma, na kama aliitwa akateke maji hakusikia.

Na mfupa ule wa samaki! Mwandishi mwingine angemtafutia mwana wa chifu kifo cha heshima, vita au simba. Ogola alimpa kifo ambacho kila mama wa ziwani huwaonya watoto wake kila jioni, na msomaji wa huku akifika pale hujishika koo. Daktari anajua kwamba watu hufa kwa vitu vidogo. Mtunzi anajua kwamba kitu kidogo ambacho msomaji amekila jana kinamfikia kuliko msiba mkubwa wa kuhadithiwa.

Ziwa halina mwenyewe mmoja, na upande wa kusini, kisiwani Ukerewe, ndiko Kiswahili kilikopata baadhi ya riwaya zake za kushtua. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, na Namagondo hiyo hiyo ndipo alipomweka Rosa wa Rosa Mistika, binti wa mlevi anayechapwa kwa kuandikiwa barua na mvulana. Kilitoka mwaka 1971 na kikapigwa marufuku mashuleni. Marufuku huwa ni tangazo zuri. Kitabu kikasomwa kwa mafungu chini ya blanketi, na sidhani kama kuna mwalimu wa fasihi angeweza kuwafanya wanafunzi wale wasome kwa makini namna ile. Baadaye kilikubaliwa, kikafundishwa, na bila shaka sasa kuna nakala zenye wino mwekundu.

Kabla ya Kezilahabi kisiwani kulikuwa na Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza riwaya kwa Kikerewe juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, mume na mke wanaopendana na wanaokawia kupata mtoto. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo. Muswada ukakaa, mwandishi akazeeka. Akaugeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya nukta ya mwisho. Mwaka 1981 akafariki.

Kitereza ananisaidia kujisahihisha kidogo juu ya habari ya kutoeleza, maana yeye anaeleza kila kitu. Ukitaka kujua ndizi za pombe zinavyoivishwa na kukamuliwa, mgeni anavyokaribishwa, mkwe anavyoombwa radhi, yote yamo, hatua kwa hatua, na huchoki. Mtu aliyezoea riwaya za siku hizi hukasirika kurasa za mwanzo, kisha mwendo wake unalegea hadi unalingana na mwendo wa kisiwa, na kuanzia hapo anatamani pombe ichelewe kuiva. Kumbe kinachoua hadithi si wingi wa maelezo. Kitereza anaeleza vitu na kuiacha maana ijitafutie njia. Vijana wanaonitumia miswada hufanya kinyume chake. Kuna ukurasa mzima wa uchungu uliomo moyoni mwa mhusika, na hakuna mahali ninapoambiwa amekaa juu ya nini, au sufuria iliyo motoni ina nini.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana hao ni wasome nini ili wawe waandishi. Huwapa majina niliyoyataja. Huongeza Yvonne Adhiambo Owuor, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2003 kwa Weight of Whispers, ambaye sentensi zake fupi zinawaudhi wengine na kunifurahisha mimi. Kisha huwaambia wasome kwa sauti, walichoandika wao kwanza. Sentensi iliyoonekana tamu kwenye karatasi hukwama kooni kama mfupa wa Owang' Sino. Wengi huona haya kufanya hivyo. Wanaokubali hurudi na muswada uliopungua, na kilichopungua mara nyingi ni aya ya mwisho, ile ya mafunzo.

Mwenyewe napenda kuwajaribia watu hadithi. Jumamosi moja nilikuwa Dunga, ufukweni hapa Kisumu, na Land Without Thunder mkononi, mkusanyo wa Ogot wa mwaka 1968 wenye The Rain Came. Mashua zilikuwa zimechelewa. Mama mmoja mchuuzi, amekalia beseni lake lililofudikizwa, akaniuliza, "Mwalimu, hicho kitabu kinasema nini?" Sikuwahi kuwa mwalimu, lakini ukishika kitabu ufukweni huna namna. Nikamsimulia, Kiswahili nikikichanganya na Dholuo, wengine wakasogea. Nikawapa ukame, nikawapa Oganda anayedhani anatafutiwa mume, na hapo mama mmoja akapiga ulimi. Nikawapa Osinda anayetokea njiani na kumfunika Oganda kwa majani ili mnyama wala mababu wasimwone. Wakakimbia. Ngurumo zikaanza, mvua ikamwagika. Nikanyamaza pale aliponyamaza Ogot.

"Halafu?" akauliza yule mama.

"Basi. Imeishia hapo."

"Haiwezi kuishia hapo. Kwa hiyo mvua ingenyesha tu, hata bila mtoto kutolewa. Walitaka kumuua bure."

Mzee aliyekuwa akishona wavu hakuinua macho. Akasema mama amekosea. Ziwa halisahau deni. Mvua ni ya kuwalegeza tu, siku moja mnyama atadai chake, kama si kwa Oganda basi kwa mtoto wake. Wakaanza kubishana, wengine wakaingia, mmoja akataka kujua huyo mnyama anakaa upande gani wa ziwa, wa Kenya au wa Uganda. Kisha msichana aliyekuwa akianua omena, ambaye sikudhani anasikiliza, akauliza lililokuwa halijanijia miaka yote hiyo: "Na baba yake nani atamwambia yuko hai? Mvua imenyesha. Si atajua ameshaliwa?"

Sikuwa na jibu, na Ogot hakuacha lolote. Mzee aliinua macho sasa. Akafungua kinywa, lakini mashua ya kwanza ilikuwa imegusa mchanga, na mama wa beseni alikuwa ameshafika majini, sketi ameipandisha magotini, akimwambia nahodha kwamba bei hiyo ya mbuta awatajie watu wa Nairobi.